Ngoma za Choma na Jina la Mwalimu Apolinaria

Wasikilizaji wapendwa, leo sianzi na salamu. Salamu ni ya watu wanaotazamana usoni, na nyinyi mmekuwa mkitazama pembeni.

Mnaujua ule ukumbi wa sherehe wenye mapazia ya zambarau. Wengine mmeolea pale. Wengine mmefanyia kipaimara cha watoto wenu pale. Karibu na jukwaa zimesimama ngoma tatu, na juu ya kila ngoma pana chungu cha maua ya plastiki. Mmeziegemea ngoma hizo mkapigwa picha. Mmetua chupa za soda juu ya ngozi zake. Ubavuni mmesoma maandishi ya rangi nyeupe, MALI YA UMMA, na hakuna aliyeuliza ni umma gani huo. Pilau lilikuwa linapoa.

Ngoma hizo ni za Choma, wilayani Igunga. Zina mwenyewe. Na kwa sababu ya ngoma hizo, Mwalimu Apolinaria wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, amekufa akiitwa mwizi.

Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi. Mwalimu Apolinaria amefariki dunia. Alikuwa akifundisha muziki darasa la tano, la sita na la saba. Aliazima ngoma tatu Choma ili watoto wenu wajifunze. Ngoma zikachukuliwa na mkubwa mmoja. Mwalimu anazikwa kesho baada ya misa.

Kaeni mnisikilize. Nitasimulia yote, na majina nitayataja.

Apolinaria alizaliwa Ng'ambo, binti wa fundi baiskeli. Mama yake, Bi. Magreth, yupo hai, na juzi aliketi kwenye mkeka wa msiba akasema hivi: "Huyu mtoto nikimwachia mwiko asonge ugali, nitakuta anagonga nao sufuria. Ugali umeungua, yeye anaimba. Nikimchapa, analia kwa sauti ya kwanza, mdogo wake Koleta anaitikia kwa sauti ya pili." Watu wakacheka msibani. Bi. Magreth mwenyewe akacheka, kisha akajifunika kanga usoni.

Mtoto huyo akasoma ualimu. Akapangiwa shule moja ya msingi pembeni mwa mji. Akapewa vipindi vya muziki, kwa sababu walimu wengine wote walivikimbia. Na kwa nini walivikimbia? Hapakuwa na kitu cha kufundishia. Mtaala ulitaka mtoto azitambue ala za muziki, azipige, na aseme ipi ya kupuliza na ipi ya kugonga. Shule ilikuwa na kitabu kimoja, na ndani yake picha ya piano.

Mwalimu mwingine angesomesha picha hiyo mpaka astaafu. Apolinaria alipiga magoti kwenye sakafu ya darasa na chaki mkononi. Akachora kinanda kirefu toka mlangoni hadi dirishani. Watoto wakavua viatu. Kila mmoja alipokanyaga sauti, aliiimba.

"Tunu, ngoja hapo hapo," alimwambia binti mmoja mrefu wa darasa la sita. "Mguu uko fa, mdomo uko mi. Tuamini kipi?"

"Tuamini mguu, mwalimu. Mdomo haujanywa uji."

Ndivyo lilivyokuwa darasa lake. Kicheko, lakini sauti inapatikana.

Jioni alinunua bando, akatafuta kwenye simu zana za kufundishia muziki kwa watoto wa umri ule. Simu ikamwambia: mpe kila mwanafunzi kinanda chake, kisha wavae spika za masikioni. Koleta anakumbuka alivyomsomea maneno hayo. "Akaniambia, mdogo wangu, watu hawa wanaishi. Mimi nina chaki. Nayo chaki ikiisha, shuleni watasema mwalimu kaila."

Alikwenda kwa mafundi baiskeli wa Ng'ambo, waliofanya kazi na marehemu baba yake, akawaomba spoku zilizokatika. Wakazigonga zikawa bapa, wakazifunga juu ya vibao, zikawa malimba ya kupiga kwa vidole gumba. Alikwenda kwa wauza maji akaomba chupa. Alikwenda ofisini kwa wakubwa akaomba ngoma, hata moja. Mafundi walimpa. Wauza maji walimpa. Ofisini alipewa kiti akae asubiri.

Sasa twende Choma.

Koleta, mdogo wake, ameolewa Choma. Baba mkwe wake ni Mzee Shigela, na Mzee Shigela ni manju, yaani ndiye mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika kikundi cha jembe. Wanaotoka huko mnajua ninachosema. Wenye mashamba wanawaita, wao wanakuja mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo. Ngoma ikinyamaza, mgongo unauma. Ngoma ikilia, shamba linaisha watu wakiwa bado wanataniana.

Apolinaria alikwenda likizo, kiangazi, mavuno yamekwisha. Akaziona ngoma tatu zimepumzika barazani kwa mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Naona unaziangalia kama mbuzi anavyoangalia chumvi."

"Naziomba, baba. Niende nazo Tabora, watoto wajifunze. Mvua zikikaribia nazirudisha."

Mzee Shigela hakutaka fedha. Kwao ngoma haikodishwi. Anayetaka kuiazima sharti ashike jembe, alime tuta moja mbele ya kikundi kizima, nao wampigie ngoma na kumwimba wanavyotaka. Akimaliza tuta, amekuwa mtu wao. Ngoma itakwenda naye. Na ataingia katika nyimbo zao, kwa heri au kwa shari.

Basi mwalimu wa mjini akashika jembe. Ardhi ya kiangazi, ngumu kama kisigino. Wanawake wakampigia vigelegele vya dhihaka.

"Mwalimu, jembe halishikwi kama chaki."

"Mwacheni, anaandika ubao huyo."

"Mwalimu, futa hapo, umekosea."

Alilima. Viganja vikapasuka. Alipofika mwisho wa tuta alikaa chini, akanyoosha miguu, akasema, "Nisahihishieni." Wakaangua kicheko, wakamnyanyua. Mzee Shigela akamwambia maneno ambayo Koleta anayajua kwa moyo mpaka leo: "Ngoma zimekwenda na wewe. Zitarudi na wewe. Mvua ya kwanza ikizikuta kwako, wewe ni mwizi. Sisemi mimi, ndivyo tulivyokuta inasemwa." Apolinaria akajibu, "Wabeja, baba," asante kwa lugha ya nyumbani, akajitwisha ngoma ndogo mwenyewe mpaka kituo cha basi.

Ngoma zikafika shuleni. Wasikilizaji wapendwa, mliokuwa na watoto pale, mnakumbuka muhula ule. Mwalimu aligawa darasa pande mbili, kama wanavyogawanyika wacheza ngoma wa kwetu, kila upande na manju wake, na kila upande unatunga wimbo wa kuuchamba upande wa pili. Watoto waliokuwa wanatoroka kipindi wakawa wanakuja na wadogo zao. Tunu akawa manju wa upande mmoja. Wimbo wake wa kwanza ulimchamba mwalimu mwenyewe, kwa viatu vyake vilivyokuwa vinacheka kwa mbele. Apolinaria alisikiliza mpaka mwisho. "Maneno mazuri," alisema. "Kiitikio kinachelewa. Nichambe tena, safari hii kwa wakati."

Ikaja siku ya ukaguzi wa zana.

Mwalimu mkuu alikuwa Hilari. Hilari alimpenda Apolinaria, lakini woga wake ulikuwa mnene kuliko mapenzi yake. Asubuhi ile alimvuta pembeni. "Mwalimu, ziweke ngoma mbele. Wakikuta darasa tupu, kipindi cha muziki wanakifuta leo hii, wanatia hesabu. Wewe ziweke tu. Kuongea niachie mimi."

Akaziweka. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, nami silifichi, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Ngoma ya kuazima haiwekwi mbele ya mgeni bila kutajwa mwenyewe. Kila mtu wa kwetu analijua hilo. Bi. Magreth analijua. Apolinaria alilijua.

Akaingia ofisa wa zana, Bwana Eustace. Akaigonga ngoma kubwa kwa kalamu. Kwa kalamu, jamani.

"Za nani hizi?"

"Za shule, mheshimiwa," akasema Hilari.

Apolinaria alifungua mdomo. Akawatazama watoto wamekaa wamenyooka, Tunu na wenzake, wanangoja kupiga. Akafikiria hesabu zinaingia pale mahali pa muziki. Akafunga mdomo.

Eustace akaita mtu na kopo la rangi. Zikaandikwa ubavuni MALI YA UMMA, mbele ya watoto. Mwezi haujaisha ikaja pikapu. Ikasemwa kuna wageni wakubwa, ngoma zinahitajika ukumbini, zitarudi. Hazikurudi. Wageni waliondoka, maua ya plastiki yakaja.

Hapo ndipo Apolinaria alipofungua mdomo, na hakuufunga tena mpaka kufa. Alikwenda kwa Eustace akamwambia waziwazi, ngoma si za shule, nilinyamaza, nilikosa, ni za Mzee Shigela wa Choma.

Eustace akamwambia, "Mwalimu, unamdaia mkulima? Ana risiti?"

"Ana tuta nililolima."

"Basi mwambie avune hilo tuta."

Hayo ndiyo maneno yake. Eustace, najua unasikiliza. Redio yako iko wazi, dereva wako kaniambia. Uliyasema ukicheka. Mimi sijacheka tangu nilipoyasikia.

Mwalimu akarudi tena. Njoo Jumatatu. Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi. Akamfuata Hilari, wakaseme pamoja. Hilari akasema, "Dada yangu, mimi nimebakiza muda mchache nistaafu." Hilari naye anasikiliza. Staafu salama, Hilari. Lakini ukipita Ng'ambo na baiskeli yako, usishangae fundi akikosa muda.

Wasikilizaji wapendwa, njia hii yetu, toka Ujiji kupita Tabora mpaka pwani, ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watu. Babu zetu ndio waliojitwisha. Wengine wakapata faida, na majina yao yakabaki kwenye mawe na mitaa. Wabebaji walibaki na nyimbo. Hizo tu. Na leo mtu mwenye ofisi na kiyoyozi ameona hata chombo cha kuimbia nyimbo hizo kinafaa kuwa stendi ya maua. Tumelelewa tusamehe. Mimi nasema deni la namna hii halisamehewi mpaka aliyekopa amelia.

Mvua ya kwanza ikanyesha.

Choma wakaenda shambani bila ngoma. Walijaribu madebe. Mgongo haudanganywi na debe. Na manju akafanya kazi ya manju. Akatunga wimbo. Koleta aliusikia akiwa anachota maji, wifi zake wanaimba na kumtazama kwa jicho la pembeni:

Mwalimu wa mjini kalima tuta moja,
kavuna ngoma tatu.
Tuta moja, ngoma tatu.
Mbegu gani hiyo, mwalimu, tugawie.

"Wimbo ule niliulalia na kuuamkia," anasema Koleta. "Nikisonga ugali, mawifi wananiambia, funika sufuria, dada yako asije akapita. Mume wangu alinitetea, lakini baba yake ndiye aliyeutunga. Atasema nini?"

Koleta akaurekodi kwa simu, akamtumia dada yake, akitaka amwonee huruma. Apolinaria aliusikiliza mara nyingi. Kisha akampigia.

"Umepangwa vizuri sana," akasema.

"Dada, wanakuita mwizi."

"Nimesikia. Kile kiitikio umekisikia kinavyoingia? Watoto wangu lazima wajifunze hiki."

Kesho yake aliingia darasani akaufundisha. Hakuwa na ngoma, wakapiga madawati. Akawaeleza nani anaimbwa, na kwa nini. Tunu alikataa kuimba. "Mwalimu, wewe hukuiba."

"Niliulizwa ni za nani, nikanyamaza. Wewe ulikuwepo, Tunu. Imba, na uimbe kwa wakati."

Binti akaimba huku machozi yanamtoka. Tunu yuko sekondari sasa, ndiye aliyenisimulia. Niambieni nyinyi mnaokaa kwenye viti vya kuzunguka, nani kati yenu ameweza kuimba kosa lake mbele ya watoto?

Ikapita misimu miwili ya mvua. Choma hakukanyaga. Aliapa hatafika kwa Mzee Shigela mikono mitupu. Kila Jumamosi alikwenda kusimama kwenye geti la ukumbi, ndani vinanda vinalia, walinzi wanamwambia, "Mama, kadi ya mwaliko." Nyinyi mliokuwa na kadi mlimpita. Mlidhani ni mwombaji. Wengine mlimjua, amewafundishia watoto, mkashusha macho kwenye viatu.

Mwezi huu mawingu yalipoanza kukusanyika, aliacha kungoja. Alimwambia mama yake, "Nakwenda kupiga magoti. Mikono mitupu ni afadhali kuliko kutokwenda." Akapanda basi asubuhi. Nzega akashuka abadilishe gari. Aliketi kwenye benchi la mama muuza chai, akaagiza chai, akasema kichwa kinamgonga upande mmoja. Chai ilipoletwa hakuweza kuishika. Walimkimbiza hospitali. Alifia Nzega. Ametoka Tabora, hajafika Choma.

Narudia. Mwalimu Apolinaria amefia njiani, akienda kuomba radhi kwa kosa ambalo faida yake anaila Eustace.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnapoingia nyinyi.

Mzee Shigela amefika jana Ng'ambo na kikundi chake. Kwao mtu aliyelima tuta nao ni mwenzao, na mwenzao haendi kaburini kimyakimya. Manju lazima amwimbe. Na anaimbwa wimbo wake, ule aliotungiwa. Apolinaria ana wimbo mmoja tu.

Nilikuwepo mkekani walipoongea. Bi. Magreth alimwambia, "Mkwe wangu, mtanizikia mwanangu kwa wimbo wa mwizi?"

Mzee aliweka mikono juu ya fimbo. "Mama, mimi najua nani anazo. Nimeambiwa, na nimekwenda kuchungulia dirishani nikaziona. Nililia kama mtoto. Lakini ngoma zilikwenda naye, na hazijarudi. Nikibadili wimbo kwa huruma, kesho nani ataamini nyimbo zangu?"

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza nimesema hakuwa mtu wetu. Alikuwa mtu wetu. Alilima vibaya, lakini alilima." Akajifuta macho kwa kofia. "Zikirudi ngoma, wimbo ninaugeuza hapo hapo. Hata kama udongo umeshaanza kuingia, naugeuza. Zikirudi zimebebwa na watu wake, nitasema zimerudi naye."

Mmesikia. Zikirudi zimebebwa na watu wake. Na watu wake ni nani kama si nyinyi? Ni Choma tu ndio waliokuwa watu wake?

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole. Pole, Bi. Magreth, mama uliyempa mwiko. Pole, Koleta, uliyeubeba wimbo ule nyumbani kwa watu ukakaa na ndoa yako. Pole kwako, Mzee Shigela, uliyefiwa na mtu wako huku ngoma zako ziko mikononi mwa mwingine. Pole kwa Tunu na wote waliokanyaga kinanda cha chaki. Mungu ampumzishe mahali pema mwalimu wetu, na asiwape usingizi waliomchosha.

Na tafakari mnayoitaka ni hii. Mtu alitafuta zana za kuwafundishia watoto wenu akiwa na magoti na chaki. Mji mzima ulikuwa na nafasi ya kusema neno moja, ni za Choma hizo, na mji mzima ukanyamaza kama alivyonyamaza yeye dakika ile moja. Yeye alilipa. Nyinyi bado.

Sitaki mtu apigwe. Sitaki kioo kivunjwe. Nataka Eustace aone uso wa kila mmoja wenu mchana kweupe, na aukumbuke kila akifumba macho. Mtu akikuuliza una kibali gani, mwimbie wimbo ule, na pale penye neno mwalimu utie neno mheshimiwa. Unaimbika vizuri sana.

Leo pale ukumbini kuna harusi mchana, mapambo yanawekwa sasa, milango yote miwili iko wazi. Mafundi baiskeli wa Ng'ambo wamefunga vibanda na wako barabarani. Akina mama wa kwaya wametangulia. Choma wamekaa msibani wanangoja, kwa sababu wao hawaruhusiwi kuzichukua. Ngoma ya kuazimwa huwa inarudishwa. Mwenyewe haifuati.

Ondoeni maua. Wekeni chini taratibu, hayana kosa. Zibebeni kichwani, msipakie kwenye gari, mpite nazo katikati ya mji mpaka Ng'ambo, mlango wa Bi. Magreth.

Kipindi kina dakika zimebaki, na nyimbo nilikuwa nimeandaa. Sipigi. Nitaacha hewa iwe kimya ili msipate sababu ya kubaki.

Mnanisikiliza za nini bado? Nendeni.